Takwimu za Usalama na Maendeleo ya Dunia: Namna ya Kuzifundisha Katika Shule za Msingi

Haipiti siku bila redio na magazeti kututajia tarakimu kubwa kubwa juu ya hali ya dunia. Mara ni mamilioni ya wakimbizi, mara ni mabilioni ya dola zilizotumika kwa majeshi na silaha, mara ni sehemu ya wanadamu waishio katika ufukara. Tarakimu hizo huwafikia watoto wa shule za msingi kama zinavyowafikia wazazi wao. Lakini kufikiwa na tarakimu si kuielewa. Mtoto awezaye kutamka "milioni 123" bila kujua ni watu wa namna gani, wako wapi na wamehesabiwaje, hajapata elimu yo yote. Amepata sauti tupu. Tena yu hatarini, maana mtu asiyejua kuihoji tarakimu huweza kupelekwa po pote na ye yote anayeitaja kwa kujiamini.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kufundisha masomo ya hisabati na ya jamii. Hatukusudii kumpa orodha ya tarakimu za kukariri, kwa kuwa tarakimu hizo hubadilika kila mwaka na orodha ya leo kesho itakuwa imechakaa. Tunakusudia kumwonyesha uhusiano uliopo baina ya usalama na maendeleo, maswali ambayo kila takwimu hapana budi iulizwe, na namna ya kuyapeleka mambo hayo darasani kwa zana zinazopatikana katika shule yo yote.

1. Usalama ni nini?

Kwa muda mrefu neno usalama, lilipotumika kwa nchi, lilikuwa na maana ya ulinzi wa mipaka. Umoja wa Mataifa ulipoanzishwa mwaka 1945 na nchi 51, shabaha ya kwanza iliyoandikwa katika Mkataba wake ilikuwa kudumisha amani na usalama wa kimataifa. Leo umoja huo una wanachama 193, na shabaha hiyo ingali ya kwanza.

Hata hivyo, nchi yaweza kuwa na mipaka iliyo salama na wananchi wasio salama. Mama anayemzika mtoto wake kwa sababu ya surua hakushambuliwa na jeshi lo lote, lakini hawezi kusema kwamba alikuwa salama. Ndiyo maana mwaka 1994 Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa, katika Ripoti yake ya Maendeleo ya Watu, ulipendekeza kwamba usalama upimwe kwa hali ya mtu, si kwa hali ya dola peke yake. Ripoti hiyo ilitaja nyanja saba za usalama wa mtu: uchumi, chakula, afya, mazingira, nafsi ya mtu, jumuiya na siasa. Mwalimu akiziangalia nyanja hizo ataona kwamba nyingi kati yake ndizo zile zile tunazoziita maendeleo.

Uhusiano huo huonekana waziwazi zaidi wakati wa vita. Katika vita vya Kongo vilivyoanza mwaka 1998, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba walikuta kwamba wengi wa waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara, homa ya mapafu na utapiamlo, kwa kuwa vita vilifunga zahanati, viliwafukuza wakulima mashambani na kuzikata njia za biashara. Basi anayehesabu majeruhi wa risasi tu hajaihesabu vita yote. Tena, anayejenga zahanati na njia bila kujali amani huenda akajenga vitu vitakavyobomolewa.

2. Kuipa tarakimu ukubwa wake

Kikwazo cha kwanza darasani ni ukubwa wa tarakimu zenyewe. Mtoto wa Darasa la Tano huweza kuandika milioni na bilioni bila kosa, lakini moyoni mwake yote mawili ni "nyingi sana". Kabla ya kufundisha takwimu yo yote ya dunia, mwalimu yampasa kuibomoa dhana hiyo.

Njia iliyo rahisi ni kutumia wakati. Waambie wanafunzi wakadirie, bila kukokotoa, muda wa sekunde milioni moja. Yaandike makadirio yao ubaoni. Kisha wakokotoe kwa vikundi: siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo sekunde milioni moja ni siku 11 na nusu hivi. Sekunde bilioni moja je? Ni miaka 31 na miezi kadhaa. Mtoto aliyefanya hesabu hiyo kwa mkono wake hawezi tena kudhani kwamba bilioni ni milioni iliyonenepa kidogo. Milioni ni likizo fupi; bilioni ni umri wa mwalimu wake.

Njia ya pili ni kuishusha tarakimu mpaka ifikie kimo cha darasa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikadiria kwamba mwishoni mwa mwaka 2024 watu milioni 123.2 walikuwa wameyahama makazi yao kwa kulazimishwa na vita, mateso na machafuko. Wanadamu wote wamezidi bilioni 8, idadi ambayo Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa ilifikiwa mwezi Novemba 2022. Ukigawanya utapata mtu 1 katika kila watu 67. Katika shule yenye wanafunzi 670, hao wangekuwa wanafunzi 10. Sasa tarakimu imepata sura. Mtoto anaweza kuitazama paredi ya asubuhi na kuelewa kinachosemwa.

3. Maswali manne

Baada ya kuupata ukubwa wa tarakimu, wanafunzi wafundishwe kuihoji. Tunapendekeza maswali manne, mafupi, yaandikwe kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ukutani mwaka mzima.

(a) Ni idadi ya nini?

Watu wengi husikia "milioni 123" wakafikiri kwamba wote hao ni wakimbizi waliovuka mipaka. Sivyo. Kati yao milioni 73.5 walikuwa wamehamia mahali pengine ndani ya nchi zao wenyewe. Wale waliohesabiwa kuwa wakimbizi, pamoja na wengine wanaohitaji ulinzi wa kimataifa, walikuwa milioni 42.7, na waliosalia walikuwa wale waombao hifadhi. Asiyeuliza swali hili la kwanza atajumlisha maembe na machungwa, kisha adai kwamba amehesabu maembe.

Ufukara nao hutupa mfano mzuri. Benki ya Dunia hupima ufukara uliokithiri kwa kiasi cha fedha ambacho mtu hutumia kwa siku moja, baada ya kurekebisha tofauti za bei baina ya nchi na nchi. Hadi mwezi Juni 2025 mstari huo ulikuwa dola 2.15, mwezi huo ukapandishwa kuwa dola 3.00, kufuatana na hesabu mpya za bei na za matumizi. Kutokana na badiliko hilo, idadi ya mafukara kwa mwaka 2022 ilitoka takriban milioni 713 ikawa takriban milioni 838. Hakuna aliyefukarika kwa kalamu ya mtakwimu. Watu walikuwa wale wale na mwaka ulikuwa ule ule. Kilichosogea ni mstari. Kwa hiyo mtu akiyaweka makadirio ya zamani na haya mapya bega kwa bega, akatangaza kwamba ufukara umeongezeka, atakuwa anadanganya hata kama kila tarakimu aliyoitaja ni sahihi.

(b) Ni katika jumla ipi?

Mwishoni mwa mwaka 2024 Ujerumani ilikuwa na wakimbizi wapatao milioni 2.7, na Uganda ilikuwa na wakimbizi wapatao milioni 1.8. Ukitazama idadi tu, mzigo wa Ujerumani ni mkubwa zaidi. Lakini Ujerumani ina watu wapatao milioni 84, na sensa ya Uganda ya mwaka 2024 ilikuta watu karibu milioni 46. Wanafunzi wakigawanya watapata kwamba Ujerumani ilikuwa na mkimbizi 1 kwa kila watu 31 hivi, na Uganda mkimbizi 1 kwa kila watu 26 hivi. Mpangilio umegeuka. Tukikumbuka tena kwamba pato la Mjerumani ni kubwa mara nyingi kuliko lile la Mganda, tutaelewa maana ya takwimu nyingine ya mwaka huo huo: asilimia 73 ya wakimbizi wa dunia walipokewa na nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

(c) Ni ya lini?

Tarakimu isiyo na mwaka ni kama barua isiyo na tarehe. Wakati mwingine hata mwaka mmoja hautoshi, bali huhitajika miaka miwili au zaidi ili mwenendo uonekane. Silaha za nyuklia ni mfano. Katikati ya miaka ya 1980 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia vipatavyo 70,000. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vilikadiriwa kuwa zaidi kidogo ya 12,000. Anayetaja tarakimu ya pili peke yake hutia hofu, na anayetaja kupungua peke yake hulaza usingizi. Ukweli unahitaji yote mawili: vimepungua sana, na vilivyobaki vinatosha kuiangamiza miji yote mikubwa ya dunia.

(d) Nani amehesabu, na kwa njia gani?

Yako mambo yanayohesabiwa moja moja, na yako yanayokadiriwa. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilipata watu 61,741,120, kwa sababu makarani walipita kaya kwa kaya. Lakini nani awezaye kupita kaya kwa kaya katika nchi iliyomo vitani? Hapo huchukuliwa sampuli, na kutokana na sampuli hukadiriwa jumla.

Makadirio hutegemea kianzio. Mwaka 2008 shirika moja la kimataifa la misaada lilitangaza kwamba watu milioni 5.4 zaidi ya kawaida walikuwa wamekufa nchini Kongo tangu mwaka 1998. Ili kusema "zaidi ya kawaida" ilibidi kwanza kuijua kawaida yenyewe, nao walitumia wastani wa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Watafiti wengine walipinga, wakasema kwamba hali ya Kongo kabla ya vita ilikuwa tayari mbaya kuliko wastani huo, na kwa hiyo idadi imekuzwa mno. Hakuna aliyekana kwamba msiba ulikuwa mkubwa. Ubishi ulikuwa juu ya kianzio. Mfano huu ni wa mwalimu mwenyewe, si wa watoto. Lakini mwalimu akiuelewa atajizoeza kusema "inakadiriwa" pale inapokadiriwa, na "walihesabiwa" pale walipohesabiwa.

4. Kulinganisha kwa haki

Takwimu hupata nguvu zinapolinganishwa, na hapo ndipo zinapopotosha zaidi. Tuchukue mfano unaopendwa na wahubiri wengi wa amani.

Taasisi ya Utafiti wa Amani ya Stockholm, iliyoanzishwa mwaka 1966, hukusanya takwimu za matumizi ya kijeshi ya nchi zote. Kwa mujibu wake, dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi mwaka 2024. Mwaka huo huo, misaada rasmi ya maendeleo iliyotolewa na nchi tajiri zilizo katika kamati ya misaada ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo ilikuwa, kwa hesabu za awali, dola bilioni 212.1. Tukigawanya tunapata takriban 13. Kwa kila dola 1 ya misaada, dola 13 zilikwenda kwa majeshi.

Hesabu hiyo ni sahihi. Je, inaruhusu kusema kwamba dunia huyajali majeshi mara 13 kuliko maendeleo? La. Upande mmoja umewekwa matumizi ya nchi zote. Upande wa pili umewekwa msaada wa nchi chache tu. Nchi yetu, kama nchi nyingine, hujenga shule na hulipa mishahara ya walimu na wauguzi kutokana na kodi za wananchi wake, na fedha hizo hazimo katika zile bilioni 212. Ulinganisho ulio wa haki zaidi ni kupima kila jambo kwa ahadi yake. Tarehe 24 Oktoba 1970 Umoja wa Mataifa uliweka lengo kwamba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao kuwa misaada. Mwaka 2024 wastani wa nchi za kamati hiyo ulikuwa asilimia 0.33, na nchi nne tu zililivuka lengo: Denmark, Luxembourg, Norway na Sweden. Kwa lugha ya watoto: katika kila shilingi 1,000 ziliahidiwa shilingi 7, na zikatolewa shilingi 3 na senti 30. Hapa ahadi na tendo vinahusu watu wale wale, na kwa hiyo neno la lawama lina mahali pa kusimama.

Uko ulinganisho mwingine unaostahili kufundishwa kwa uangalifu. Ndui ilikuwa ikiwaua watu wapatao milioni 2 kila mwaka wakati Shirika la Afya Duniani lilipoanza kampeni yake kali mwaka 1967. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977, na tarehe 8 Mei 1980 Shirika hilo likatangaza kwamba ndui imetokomezwa duniani. Kampeni yote iligharimu takriban dola milioni 300. Matumizi ya kijeshi ya mwaka 2024, yakigawanywa kwa saa za mwaka huo, ni dola milioni 309 hivi kwa saa moja.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: "Mwalimu, dola ya zamani si ilikuwa na thamani kubwa zaidi?" Asifiwe, maana amegusa mahali panapouma. Basi tumkubalie, tuizidishe gharama ya ndui mara 10, kiasi kinachotosha kufidia kushuka kwa thamani ya dola tangu kampeni ilipoanza. Tutapata dola bilioni 3, yaani matumizi ya kijeshi ya chini kidogo ya saa 10. Bado siku moja haijaisha. Ulinganisho unaostahimili pingamizi la namna hiyo ndio unaofaa kuingia darasani.

5. Mfano wa kipindi

Tunatoa hapa mfano wa kipindi kimoja cha dakika 40 kwa Darasa la Sita. Mwalimu aubadili kufuatana na mazingira yake.

Shabaha: Mwisho wa kipindi wanafunzi waweze kuchora takwimu za miaka mbalimbali kwa mistatili, kusema mwenendo wake, na kutaja sababu mbili za mwenendo huo.

Zana: Rula, chaki za rangi mbili, vizibo vya chupa 50 kwa kila kikundi, na karatasi yenye maswali manne.

Utangulizi (dakika 5): Mwalimu aandike ubaoni takwimu za uchunguzi wa afya ya jamii nchini Tanzania. Kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, waliofariki kabla ya kutimiza miaka mitano walikuwa 112 katika uchunguzi wa mwaka 2004/05, 81 mwaka 2010, 67 mwaka 2015/16, na 43 mwaka 2022. Wanafunzi wazipitishe tarakimu hizo katika maswali manne. Wagundue kwamba hiki ni kiwango kwa kila 1,000, si jumla ya vifo vyote. Na mwalimu aeleze kwamba kila uchunguzi ulizungumzia miaka mitano iliyoutangulia, na ulifanywa kwa kuwahoji akina mama wa kaya zilizochaguliwa.

Kazi ya vizibo (dakika 10): Kila kikundi kitandaze vizibo 50, mfano wa watoto 50 waliozaliwa. Wakokotoe ni vizibo vingapi vingeondolewa kwa kiwango cha mwaka 2004/05. Jibu ni 5.6, yaani kati ya 5 na 6. Kisha warudishe vyote, wakokotoe kwa kiwango cha mwaka 2022: ni 2 na ushei. Mwalimu aulize: "Kati ya uchunguzi wa kwanza na wa mwisho ni vizibo vingapi vimebaki mezani ambavyo vingeondolewa?" Ni zaidi ya vitatu. Hapo asitie maneno mengi. Aache darasa livitazame vizibo hivyo vitatu.

Kuchora (dakika 15): Wanafunzi wachore mistatili minne, sentimita 1 ikiwakilisha vifo 10. Vimo vitakuwa sentimita 11.2, 8.1, 6.7 na 4.3. Mwalimu asisitize kwamba mistatili yote ianzie sifuri. Kisha aonyeshe ubaoni jinsi mchoro unavyoweza kudanganya: mstatili wa 81 na ule wa 67 vikichorwa kuanzia 60 badala ya sifuri, wa kwanza huonekana kuwa mkubwa mara tatu kuliko wa pili. Hili ni jambo ambalo wanafunzi hulifurahia, na litawafaa maisha yao yote.

Majadiliano (dakika 8): Ni nini kilichopunguza vifo? Wanafunzi watataja chanjo, vyandarua vyenye dawa, dawa za malaria, maji safi, na akina mama kujifungulia katika vituo vya afya. Waulizwe: ni kipi kati ya hivyo kingeendelea kama kungekuwa na vita katika wilaya yetu? Kwa swali hilo moja usalama na maendeleo vitakuwa vimekutana.

Hitimisho (dakika 2): Wanafunzi waandike sentensi moja yenye tarakimu mbili na miaka miwili.

6. Mambo ya kuangalia

Kwanza, nyuma ya kila takwimu yuko mtu, na huenda mtu huyo ameketi kwenye dawati la tatu. Katika kipindi tulichokieleza, bila shaka wamo watoto waliopoteza ndugu. Katika shule za Kigoma na Kagera huenda wamo waliozaliwa kambini. Mwalimu kamwe asimsimamishe mtoto kuwa mfano wa takwimu, wala asimuulize mbele ya wenzake mambo ya nyumbani kwao. Vizibo vipo ili vibebe mzigo huo badala ya mtoto.

Pili, takwimu zisitumike kuwatia watoto unyonge. Mtoto wa Kiafrika anayeonyeshwa kila siku jedwali ambalo bara lake liko chini, mwishowe huamini kwamba chini ndiko mahali pake. Tuonyeshe viwango, lakini tuonyeshe pia mwenendo na matendo. Mwezi Aprili 1994 watu wapatao 250,000 waliokuwa wakikimbia mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, nao wakapokewa. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen kwa ajili ya mchango wake kwa wakimbizi. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu zaidi ya 162,000, wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Hizi nazo ni takwimu za usalama wa dunia, na ni haki ya watoto wetu kuzijua.

Tatu, mwalimu asigeuze kipindi kuwa mahubiri. Ni rahisi kuwaambia watoto kwamba kila shilingi ya ulinzi ni shilingi iliyotupwa. Lakini mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, wananchi wa huko walihitaji jeshi kabla ya kuhitaji zahanati. Walipokombolewa walihitaji zahanati, shule, mbegu na mifugo. Kazi ya mwalimu ni kuwapa wanafunzi tarakimu zilizo kweli na maswali yaliyo makali, kisha awaache wapime wenyewe. Akishawapa jibu, amewanyang'anya somo.

Nne, mwalimu asitaje tarakimu asiyojua imetoka wapi. Akiulizwa jambo asilolijua, aseme kwamba atalitafuta, na kweli alitafute. Darasa litakalomwona mwalimu akitafuta litajifunza kutafuta.

7. Zoezi kwa wanachuo

Kila mwanachuo achague takwimu moja iliyotajwa redioni au gazetini katika wiki hii, inayohusu vita, wakimbizi, njaa, afya au misaada. Aipitishe katika maswali manne na kuandika majibu yake. Kisha aishushe mpaka ifikie kimo cha darasa la watoto 50, na aandike andalio la kipindi kimoja. Maandalio yasomwe mbele ya wenzake, nao wamhoji kwa maswali yale yale.

Walimu tunaowaandaa leo watawafundisha watoto ambao, baada ya miaka michache, watapiga kura, watalipa kodi, watapokea wageni waliokimbia vita na pengine watakaa katika mabaraza yanayogawa fedha baina ya bunduki na chanjo. Watakuwa na tarakimu mbele yao, na watu wengi wakiwahimiza waamue haraka. Tukiwazoeza tangu sasa kuuliza ni idadi ya nini, katika jumla ipi, ya lini, na nani amehesabu, tutakuwa tumewapa kinga ambayo haitachakaa hata tarakimu zote zilizomo katika makala haya zitakapokuwa zimepitwa na wakati.